Jicho la Mama Mjamzito Mwenye Kisukari

Kisukari kikikutana na mimba, jicho ni miongoni mwa viungo vinavyoelemewa mapema, na mara nyingi huelemewa kimya kimya, bila maumivu na bila ukungu wowote. Hilo ndilo jambo la mazungumzo ya leo, wasikilizaji wapenzi.  Mazungumzo yataanzia ndani ya jicho, kuona sukari hufanya nini huko. Kisha yataingia kwenye mimba yenyewe, na sababu za miezi tisa hiyo kuharakisha madhara. Halafu uchunguzi, matibabu, na mambo ya kuangaliwa baada ya kujifungua. Mwenye kalamu na aishike, kwani yako machache ya kuandika.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Mwanga ukishapita kwenye mboni na lenzi hutua hapo, na retina ndiyo inayougeuza kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Kazi hiyo inataka oksijeni nyingi, na oksijeni huletwa na mishipa ya damu midogo mno, mingine myembamba kuliko unywele. Sukari ikizidi ndani ya damu kwa miaka, chembe zinazoshikilia kuta za mishipa hiyo hufa moja baada ya nyingine. Ukuta ukilegea, mshipa hufanya vijivimbe, na hapo damu huvuja, na maji, na mafuta. Mishipa mingine huziba kabisa. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya iote. Mishipa hiyo mipya ndiyo hatari yenyewe: huota pasipo mahali pake, ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na makovu yake huweza kuivuta retina mpaka ibanduke.

Ugonjwa huu wataalamu huuita retinopathi ya kisukari. Mwanzo wake ni vijivimbe na matone madogo ya damu. Mwisho wake ni ile mishipa mipya. Na katika hatua yoyote, maji yanaweza kujikusanya kwenye makula, yaani kitovu cha retina, pale panapomwezesha mtu kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua uso wa jirani aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa swali. Mtu mwenye vijivimbe na matone hayo ya damu nyuma ya jicho huhisi nini? Hahisi kitu. Jicho halimwumi, halimwashi, halitoi machozi. Mama wa Mtopanga, Mombasa, anaweza kuwa anasoma ujumbe wa simu bila miwani, anachagua mchele bila kukosa jiwe hata moja, na retina yake tayari inavuja damu. Uoni huanza kupungua pale maji yanapofika kwenye makula au mshipa mpya unapopasuka, na wakati huo ugonjwa umeshakomaa. Kuona vizuri si ushahidi kwamba retina ni nzima. Kulisahau jambo hili ndiko kunakowafanya wengi waukawize uchunguzi.

Ushahidi kwamba ugonjwa huu umeenea uko hapa hapa Kenya. Uchunguzi mkubwa wa macho uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa na kisukari tayari walikuwa na retinopathi. Na retina zilipopigwa picha, wagonjwa waligundulika wengi zaidi kuliko zilipotazamwa na daktari kwa taa na lenzi. Hao walikuwa watu wa makamo na wazee. Lakini kisukari cha aina ya pili, kile kilichozoeleka kuwa cha watu wazima, siku hizi kinawapata wanawake wakiwa bado katika umri wa kuzaa, na retina ya kijana haina kinga ya pekee dhidi ya sukari.

Hapo panahitaji kutenganishwa mambo mawili ambayo mtaani huchanganywa. Kuna mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba, kiwe cha aina ya kwanza, kinachohitaji insulini tangu mwanzo, au cha aina ya pili. Na kuna mwanamke ambaye sukari yake ilikuwa sawa, ikapanda wakati wa mimba tu. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Je, hali hizi mbili ni sawa kwa jicho? Si sawa hata kidogo.

Mwanamke wa kwanza ndiye ambaye retina yake iko katika hatari, kwa kuwa mishipa yake imekaa na sukari kwa miaka kabla ya mimba kuja. Wa pili, mwenye kisukari cha mimba pekee, kwa kawaida hapati retinopathi katika mimba hiyo, kwani miezi michache ya sukari ya juu haitoshi kuiharibu retina. Yeye anahitaji uangalizi wa sukari kwa ajili yake na mtoto, lakini hana haja ya kuingiwa na hofu kwamba atapofuka kwa sababu ya mimba.

Shida ni kwamba mpaka kati ya hao wawili hauonekani kwa macho. Wako wanawake wengi wanaoishi na kisukari cha aina ya pili pasipo kujua, na mara ya kwanza kupimwa sukari maishani mwao ni siku ya kwanza ya kliniki. Mama huyo huambiwa ana sukari ya mimba, kumbe sukari yake ina umri wa miaka mitano. Dalili ya kumtambua ni wakati. Kisukari cha mimba halisi hujitokeza zaidi katika nusu ya pili ya mimba, na ndiyo maana kipimo chake cha kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hufika hajala, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Sukari ikionekana iko juu sana mapema, katika miezi mitatu ya mwanzo, ni busara kudhani kwamba ilikuwapo kabla ya mimba. Mama wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa macho kama yule anayejua ana kisukari tangu zamani.

Basi mimba yenyewe huifanya nini retina iliyokwisha kulegea? Mambo manne hukutana. La kwanza ni wingi wa damu. Damu ya mama mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa ya jicho lenye afya hujibana ikazuia kishindo hicho. Mishipa iliyoharibiwa na sukari haiwezi kujibana. Wakazi wa Kisauni wanajua inavyokuwa mifereji ikikaa siku nyingi mikavu, kisha maji yakarudi kwa kasi: bomba kuukuu huvuja pale pale lilipokuwa dhaifu, na bomba zima hupitisha maji salama. Ndivyo ilivyo kwenye retina.

La pili ni homoni za kondo la nyuma. Homoni hizo huizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa, ili sukari ibaki kwenye damu impate mtoto. Kwa mwenye kisukari, maana yake ni kwamba dozi ya insulini iliyomtosha mwanzoni haitamtosha mwezi wa saba. Wengine huhitaji mara mbili ya dozi yao, na wengine zaidi ya hapo. La tatu ni presha, ambayo humpanda mwenye kisukari kwa urahisi zaidi katika mimba kuliko mwanamke mwingine, na presha huichosha mishipa ile ile midogo.

La nne ndilo linaloshangaza watu, na linastahili kusimamiwa. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, retinopathi inaweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Mtiririko wa damu kwenye retina hupungua sukari inaposhuka, na zile sehemu zilizokuwa zikipata oksijeni kwa shida hukosa kabisa. Na ni lini mwanamke hushusha sukari yake kwa haraka kuliko wakati wowote? Ni pale anapogundua ana mimba. Aliyekuwa akisahau dawa hazisahau tena, aliyekuwa akinywa chai ya sukari asubuhi na jioni anaiacha siku hiyo hiyo. Anafanya jambo jema kwa ajili ya mtoto, na jicho linaweza kutikisika.

Je, basi asishushe sukari? La, asithubutu kuacha. Moyo, uti wa mgongo na viungo vingine vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo kabisa, na sukari ya juu wakati huo huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Miongozo ya madaktari iko wazi: retinopathi si sababu ya kuchelewesha kuidhibiti sukari ya mama mjamzito. Linalotakiwa ni kwamba wakati sukari inashushwa, kuwe na mtu anayelitazama jicho.

Mwenye nafasi ya kupanga ana njia bora zaidi. Mwanamke mwenye kisukari anayetaka kuzaa ashushe sukari yake polepole kwa miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na retina yake itazamwe katika kipindi hicho. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Kikiwa chini ya asilimia 6.5, na sukari isiwe inashuka hadi kumwangusha, mama yuko mahali pazuri pa kuanzia. Kikizidi asilimia 10, ushauri wa madaktari ni kungoja kwanza, kutumia njia ya uzazi wa mpango, na kuitengeneza sukari. Wakati huo huo daktari hukagua dawa zake, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za kushusha mafuta mwilini hazifai katika mimba na hubadilishwa mapema, na humwandikia dozi ya foliki asidi iliyo kubwa kuliko ya kawaida. Inasikitisha kwamba mazungumzo haya hufanyika mara chache. Msichana wa miaka 24 mwenye kisukari huhudhuria kliniki ya sukari mwaka mzima na pengine asiulizwe hata mara moja kama ana nia ya kuzaa.

Hatari haiko sawa kwa wote. Aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, kumi na zaidi, yuko katika hatari kubwa kuliko aliyegunduliwa juzi. Mwenye sukari ya juu sana mimba inapoanza, mwenye presha, mwenye figo zilizoanza kudhoofika, hao pia. Lakini kinachotangulia yote ni hali ya retina yenyewe siku mimba inapoanza. Retina iliyo nzima kwa kawaida hubaki nzima au hupata madoa machache. Retina iliyokwisha kuingia hatua ya kati ndiyo inayoweza kuruka hadi hatua mbaya kabla mimba haijaisha. Ndiyo maana uchunguzi wa mapema haufai kuchukuliwa kama nyongeza ya hiari.

Miaka ya nyuma mambo haya yalikuwa na hukumu nzito. Kabla ya insulini kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, wanawake wachache wenye kisukari walifanikiwa kuzaa. Daktari Priscilla White wa Boston, aliyezipanga mimba za wenye kisukari katika madaraja mwaka 1949, alitoa mpangilio ambao baadaye ulikuwa na daraja la peke yake la wanawake wenye mishipa mipya kwenye retina. Kwa miaka mingi wanawake hao walishauriwa wasizae kabisa. Kilichobadilisha ushauri huo ni mwanga wa leza. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyotoa matokeo mwaka 1976 yalionyesha kwamba kuichoma retina kwa mwanga hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni vibaya. Na mwaka 2000 yakachapishwa matokeo ya wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza waliofuatiliwa kwa miaka Marekani na Kanada: retina za waliozaa zilizidiwa kwa muda wakati wa mimba na mara baada yake, lakini mwishoni zilikuwa sawa na za wenzao ambao hawakuzaa. Kwa hiyo mama mkwe au shangazi anayemwambia binti mwenye sukari kwamba akizaa atapofuka, anasema jambo lililokuwa na msingi zamani. Leo anaweza kuzaa, ila kwa uangalizi.

Sasa uchunguzi, wasikilizaji, na hapa ndipo pa kuandika. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba achunguzwe retina mara tatu hivi. Mara ya kwanza ni kabla ya mimba, au mara tu anapojua ana mimba, katika miezi mitatu ya mwanzo. Madoa yakionekana, arudi kati ya wiki ya 16 na ya 20. Na kila mmoja wao, mwenye madoa na asiye nayo, atazamwe tena wiki ya 28. Ambaye retina yake imeharibika zaidi, daktari atampangia ziara za karibu karibu kuliko hizo. Haya yote hayana gharama kubwa ya vifaa. Yana gharama ya kukumbuka.

Uchunguzi wenyewe ukoje? Kwanza mama husoma herufi kwenye ubao. Kisha hutiwa matone ya kupanua mboni, na baada ya dakika kama 20 au 30 daktari hutazama nyuma ya jicho kwa taa na lenzi, au retina hupigwa picha. Hakuna kisu, hakuna miale ya eksirei. Matone hayo yanafaa kwa mjamzito. Akitaka kupunguza kiasi kinachoingia mwilini, abonyeze kidogo pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kipimo kimoja huepukwa kwa kawaida, kile cha kudunga rangi ya fluoresini kwenye mshipa wa mkono, kwa kuwa rangi hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mama amwambie kila mhudumu wa macho kwamba ana mimba, hasa ikiwa bado changa na tumbo halijaonekana.

Kwa mkazi wa bara ya Mombasa, ugumu huanzia njiani. Mama hupimwa mimba karibu na nyumbani, Mrima huko Likoni, Mlaleo huko Kisauni, au Port Reitz huko Changamwe, lakini akiambiwa aende kwa mtaalamu wa macho mara nyingi safari ni ya kisiwani: Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile wengi waiitayo Makadara, au kituo cha macho cha Lighthouse for Christ. Wa Likoni avuke feri, wa Kisauni apite Daraja la Nyali, wa Changamwe apite Makupa. Wakazi wa Likoni wana njia nyingine isiyo na maji ya kuvuka, nayo ni kituo cha macho cha Kwale, ambacho kimekuwapo tangu 1993. Popote aendapo, mambo mawili yatamfaa. Asiende peke yake, kwa sababu mboni zikishapanuliwa mwanga huchoma na vitu vya karibu huwa na ukungu kwa saa kadhaa, na mteremko wa feri saa sita mchana, umati ukisukumana kwenye jua kali, si mahali pa mwenye mimba asiyeona sawasawa. Achukue na kofia au miwani ya jua. Na siku hiyo asiendeshe gari wala pikipiki.

Safari hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Mama wa miezi mitano ana kliniki ya mimba, ana kliniki ya sukari, ana watoto wengine nyumbani. Ya macho, ambayo haimwumi, ndiyo anayoiacha. Hakuna wa kumlaumu. Kamera ya retina haihitaji daktari bingwa kuishika, muuguzi aliyefundishwa anaweza kupiga picha na kuituma kwa mtaalamu akaisoma akiwa mbali. Kamera moja ikikaa kwenye kliniki ya sukari upande wa Likoni, moja Kisauni na moja Changamwe, na siku yake ikapangwa iwe siku moja na kliniki ya wajawazito, uchunguzi huu ungekuwa jambo la nusu saa. Hospitali zinazosimamiwa na kaunti zina kila sababu ya kulitazama jambo hilo.

Wakati hayo yanangojewa, kijitabu cha mama na mtoto kinaweza kufanya kazi kubwa. Mkunga akiandika humo mstari mmoja, kwamba mama huyu ana kisukari cha zamani na retina yake itazamwe, kila atakayekifungua baadaye ataliona. Na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani, ambao tangu Septemba 2023 serikali imewapa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, ndio wanaoweza kumgundua mama kabla hata hajafika kliniki, na kumuuliza swali moja rahisi: je, jicho limeshatazamwa?

Ikiwa retina imekutwa na ugonjwa, nini hufanyika? Madoa machache huachwa na kufuatiliwa. Mishipa mipya ikiota hutibiwa kwa leza, na leza ni salama katika mimba. Miale yake hutua kwenye retina tu, na ganzi ni ya matone. Mama huketi kitini, hutazama mwanga, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Haifai kungoja mpaka ajifungue, maana mishipa hiyo haingoji. Dawa zinazodungwa ndani ya jicho kuzuia mishipa mipya, ambazo kwa wagonjwa wengine hutumika sana, kwa mjamzito huepukwa kwa kadiri inavyowezekana, hasa mwanzoni, kwani kemikali inayozuiwa nazo inahitajika na mtoto ili mishipa yake ijengeke. Maji yaliyojikusanya kwenye makula mara nyingi hupungua yenyewe baada ya kujifungua, kwa hiyo daktari anaweza kuamua kungoja.

Si kila ukungu machoni ni retinopathi. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hufura na kusinyaa, na uoni hubadilika kutoka wiki hii hadi nyingine. Mimba nayo hufanya macho kuwa makavu na nambari ya miwani kuyumba kidogo. Mama asikimbilie kununua miwani mipya. Ni heri angoje mpaka miezi kadhaa baada ya kujifungua, macho yakishatulia.

Lakini uko ukungu usiongoja hata kesho. Mama mjamzito akiona vimulimuli au nyota, au akiona giza sehemu ya uoni, pamoja na kichwa kumuuma vibaya, uso na mikono kuvimba au maumivu chini ya mbavu, huyo si wa daktari wa macho. Hiyo ni dalili ya presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa cha mimba, na anapaswa kufikishwa hospitali ya uzazi saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Na akiona ghafla vitu vyeusi vinaelea kama utando, au pazia linashuka juu ya jicho moja, hiyo yaweza kuwa damu au retina inayobanduka. Daktari wa macho amtazame siku hiyo.

Kuhusu chakula, maneno machache. Retina hailishwi kwa dawa ya pekee ya mitishamba, na karoti haziondoi retinopathi. Kinachoilinda ni sukari iliyotulia na presha iliyotulia. Mahamri kwa chai ya sukari, kisha wali wa nazi mchana, kisha viazi karai na juisi jioni, huipandisha sukari mara tatu kwa siku. Mama hakatazwi chakula cha kwao. Hupunguza wali, huongeza mchicha, kunde na samaki, hunywa maji badala ya juisi, na hula kidogo kidogo kwa nyakati maalumu. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mjamzito mwenye kisukari ana ruhusa ya dini ya kutofunga, na anayetumia insulini yuko hatarini kweli kweli akifunga, kwani sukari inaweza kumshuka mchana na kumpanda usiku baada ya futari. Alizungumze na daktari na shehe mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Wengi huuliza: je, kusukuma wakati wa kujifungua hakuwezi kupasua mishipa ya jicho? Hofu hiyo imewapeleka wanawake kwenye upasuaji pasipo sababu. Retinopathi peke yake haimzuii mama kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwenye mishipa mipya ambayo haijatibiwa, daktari wake wa macho na wa uzazi watashauriana juu yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitibu mapema.

Mtoto akishazaliwa, jicho halijamaliza mambo yake. Hatari ya retinopathi kuzidi huendelea hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, na huo ndio mwaka ambao mama hujisahau kuliko yote. Aliyekutwa na madoa wakati wa mimba arudi kutazamwa ndani ya miezi michache, na kila mwenye kisukari atazamwe angalau mara moja kabla mtoto hajafikisha mwaka, kisha aendelee na ratiba yake ya kawaida. Kunyonyesha hakuidhuru retina, na leza inaweza kuendelea huku ananyonyesha.

Yule aliyekuwa na kisukari cha mimba naye ana tarehe yake. Sukari yake kwa kawaida hurudi chini mara baada ya kondo kutoka, na hapo wengi hudhani kisa kimekwisha. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, siku ambazo anampeleka mtoto chanjo, kisha apimwe kila mwaka mmoja hadi mitatu, kwa sababu uwezekano wake wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye ni zaidi ya mara saba ya mwanamke mwingine. Akikutwa nacho, retina yake itazamwe mara hiyo hiyo kwa mara ya kwanza, na kama anataka mtoto mwingine, ratiba ya macho ya mimba ijayo huanza kuhesabiwa kabla hajaishika.